Talaka Texas: wakili wa namna gani, na uende kwake na nini

Swali: "Naishi Katy, Texas, karibu na Houston. Tulifunga ndoa Arusha mwaka 2011, tukahamia huku 2014, tuna watoto wawili. Mume wangu ana kampuni ya malori mawili. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu za usiku. Nyumba tunayoishi iko kwa jina lake peke yake. Tumejenga pia Kigamboni, lakini kiwanja kimeandikwa jina la kaka yake. Sasa anataka talaka. Anasema tutumie wakili wake mmoja tusimalize pesa, na ameniletea karatasi nisaini mbele ya notari. Nitafute wakili wa aina gani, kwa bei gani, na je, nina haki yoyote kwenye vitu visivyo na jina langu?"

Jibu:

Dada, tuanze na hiyo karatasi: usiisaini. Ipige picha kurasa zote, uzihifadhi mahali mumeo hafiki, kisha mwambie kwa upole kwamba utaisoma na mtu anayeijua sheria. Kwa maelezo yako, inaelekea ni hati ya kukubali kutopelekewa wito wa mahakama. Kesi ikiwa imeshafunguliwa na wewe ukaapa mbele ya notari, hati hiyo ina nguvu kamili. Baadhi ya fomu hizo zina mstari mmoja ndani yake unaosema pia kwamba hutaki kujulishwa tarehe ya kusikilizwa. Ukisaini mstari huo, mumeo anaweza kusimama mbele ya hakimu peke yake na mgawanyo alioupanga yeye, na wewe ukaja kuiona hukumu ikiwa imeshatoka.

Muhuri wa notari usikupe moyo. Nyumbani Tanzania na Kenya, anayegonga muhuri huo kwa kawaida ni wakili, na watu wetu wanapouona hudhani kuna mwanasheria aliyepitia maandishi. Texas notari ni mtu yeyote aliyepata kibali cha kushuhudia saini, awe karani wa benki au wa duka la kutuma vifurushi. Hajui kilichoandikwa na haruhusiwi kukushauri.

La wakili mmoja kwa wawili, hapana. Wakili hawezi kusimama pande zote mbili za kesi moja ya talaka. Huyo ni wa mumeo. Anaweza kuwa mtu mstaarabu kabisa, akakupa kiti na chai, lakini kazi aliyolipwa ni kulinda maslahi ya aliyemwajiri, na lolote utakalomwambia ana wajibu wa kulitumia kwa faida ya mteja wake. Kama mnaelewana kweli, gharama itapungua kwa kila mmoja kuwa na wakili wake na kesi kuwa fupi.

Sasa nije kwenye mali, maana hapo ndipo utakapojua wakili wa kutafuta.

Wengi wetu tunakuja na sheria ya nyumbani kichwani. Chini ya Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, swali la mahakama ni mchango: kila mmoja alichangia nini kupatikana kwa mali hii? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani za mke ni mchango. Kenya, Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja. Anayedai athibitishe alichochangia. Kwa hiyo mwanamke akiona nyumba haina jina lake, moyo unamwambia lazima apambane kuthibitisha kwamba naye alitoa.

Texas haianzi hapo. Ni moja ya majimbo 9 yanayofuata mfumo wa mali ya pamoja ya ndoa. Mengine ni Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Washington na Wisconsin. Swali la kwanza la hakimu ni: kitu hiki kilipatikana lini, na kwa pesa ipi? Kila kilichopo mikononi mwenu siku ndoa inapovunjwa kinahesabiwa kuwa chenu nyote wawili. Anayesema "hiki ni changu peke yangu" ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha, na kiwango cha ushahidi ni cha juu, cha wazi na cha kuridhisha. Changu peke yangu maana yake ni nilikuwa nacho kabla ya ndoa, au nilipewa zawadi, au nimerithi. Jina kwenye hati halitoshi kuthibitisha hilo.

Basi nyumba ya Katy, kama ilinunuliwa ndani ya ndoa kwa mishahara yenu, ni ya pamoja hata kama benki inamjua yeye tu. Jikumbushe siku ya kusaini ununuzi. Pengine uliitwa nawe ukatia saini hati moja au mbili, ingawa mkopo haukuwa wako. Waliokuita walikuwa na sababu: Texas nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani na mwanandoa mmoja bila saini ya mwenzake. Hiyo ni kinga uliyo nayo hivi sasa, kabla ya kesi yoyote.

Malori yanataka uangalifu kidogo. Kama kampuni ilisajiliwa ndani ya ndoa, hisa zake ni mali ya pamoja, lakini malori yenyewe ni ya kampuni. Kinachogawanywa ni thamani ya kampuni, si lori moja kwako na moja kwake. Thamani hiyo haisomwi kwenye fomu ya kodi tu, kwa sababu uchakavu wa malori hupunguza faida kwenye karatasi wakati pesa inaingia vizuri. Jambo hilohilo linagusa matunzo ya watoto, ambayo kwa watoto wawili huanzia asilimia 25 ya kipato halisi cha mlipaji, hadi kikomo cha kipato kilichowekwa na sheria. Wakili asiyejua kuusoma mzunguko wa pesa wa mtu aliyejiajiri atakubali kipato kidogo kilichoandikwa, na wanao wataishi na hesabu hiyo kwa miaka.

Na sheria inakata kotekote. Akiba yako ya kustaafu hospitalini, sehemu uliyoweka tangu mfunge ndoa, nayo ni ya pamoja. Madeni ya kadi pia yatawekwa mezani.

Kigamboni ndiko wakili wa kawaida wa hapa atakakopotea, na naomba unisome taratibu hapa. Mahakama ya Texas haina mamlaka juu ya ardhi iliyoko Tanzania. Haiwezi kuagiza hati ibadilishwe jina kule. Lakini ina mamlaka juu ya mumeo. Sheria ya familia ya Texas inaruhusu mali iliyopatikana nje ya jimbo kuhesabiwa katika talaka kama ingekuwa ya pamoja laiti ingepatikana hapa. Hakimu anaweza kuiwekea thamani na kukufidia kwa kukuongezea kwenye mali iliyo Texas.

Kikwazo ni jina la shemeji yako. Wakili Mmarekani akisikia kiwanja kiko kwa jina la kaka, atafikiri moja kati ya mawili: ama si mali yenu, ama mumeo ameiba. Ukweli unaweza kuwa wa kawaida zaidi. Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, na kwa miaka mingi aliyechukua uraia wa Marekani hakuweza kumiliki ardhi kule kama raia. Ndiyo maana wengi huandikisha jina la ndugu. Wakili wako aelezwe hivyo, kisha mfuate pesa. Risiti za kutuma pesa, taarifa za benki, ujumbe wa M-Pesa wa fundi, mazungumzo ya WhatsApp ambamo mumeo anamwambia kaka yake "saruji ya nyumba yangu imefika?" Vyote hivyo ni ushahidi. Ikithibitika kwamba pesa za ndoa zilipelekwa pembeni ili wewe usizipate, hakimu anaweza kuzirudisha kwenye hesabu kana kwamba bado zipo, kisha akagawa.

Uwe makini na ushauri wa ndugu walioko majimbo mengine. Aliyeachika Los Angeles, California, atakuambia ni nusu kwa nusu, na kwake ni kweli. Texas hakimu anagawa kwa namna anayoiona kuwa ya haki na sawa, na haki inaweza kuwa 55 kwa 45 au zaidi, akitazama nani ana kipato kikubwa, nani anabaki na watoto, afya, umri, na hata nani aliivunja ndoa kwa usaliti au ukatili. California kutengana kunasimamisha mali ya pamoja. Texas hakuna hatua ya kisheria ya kutengana; mnaweza kulala nyumba mbili miaka 3 na mshahara wako wa wiki hii bado ukawa wa pamoja. Hata kodi ya pango ya nyumba uliyorithi kwa baba yako inahesabiwa ya pamoja hapa, wakati California ingebaki yako. Majimbo mawili ya mfumo mmoja, majibu tofauti kabisa.

Umeona sasa kazi inayokungojea: kuainisha kila kitu, kukitafutia chanzo chake, kukiwekea thamani. Kwa hiyo usitafute wakili wa kufoka. Watu huniambia wanataka "simba", na mawakili wengine wanajitangaza hivyohivyo. Ukali hauthibitishi pesa ilitoka akaunti gani. Katika mkutano wa kwanza, msikilize anakuuliza nini. Mzuri atauliza mlifunga ndoa lini na wapi, nyumba ilinunuliwa mwaka gani, malipo ya kwanza yalitoka wapi, kampuni ilisajiliwa lini, nani anaandaa kodi. Akianza kukuahidi ushindi kabla ya kuuliza hata tarehe, shukuru na uondoke.

Nawe muulize. Kesi ngapi za biashara ndogo amezishughulikia, na anamtumia mtaalamu gani wa kuthamini? Amewahi kushughulika na ardhi ya nje ya Marekani, na alifanyaje? Nani hasa atafanya kazi yangu, wewe au msaidizi wako? Nikikuandikia, nijibiwe baada ya siku ngapi? Muulize pia anafika mara ngapi kwenye mahakama za kaunti yako. Katy imekaa kwenye kaunti 3, Harris, Fort Bend na Waller, kwa hiyo angalia kwanza bili yako ya kodi ya nyumba ujue uko ipi. Kesi inafunguliwa kaunti ambayo mmoja wenu ameishi siku 90, baada ya miezi 6 ndani ya jimbo. Wakili aliyezoea mahakama hiyo anajua hakimu yupi anataka nini.

Kuna alama moja inayosaidia kuchuja. Texas ina bodi inayothibitisha ubingwa wa mawakili, Texas Board of Legal Specialization. Mwenye cheti chake cha sheria ya familia ametimiza miaka 5 ya kazi, amefanya mtihani, na ametathminiwa na majaji na mawakili wenzake. Si wote wazuri wanacho, lakini kwa kesi yenye kampuni na mali ya ng'ambo, ningeanzia kwenye orodha hiyo. Kisha ingiza jina lake kwenye tovuti ya chama cha mawakili, State Bar of Texas. Ni bure, na utaona leseni yake ni hai tangu lini na kama amewahi kuadhibiwa hadharani.

Wakili anayesema Kiswahili ni neema, ila usimchague kwa hilo peke yake. Jamii yetu Houston ni ndogo, na najua unaogopa habari kufika kanisani au msikitini kabla yako. Wakili wa kweli amefungwa na kiapo cha siri, hata kwa maneno uliyomwambia siku ya kuulizia tu ukaishia kutomwajiri. Kama Kiingereza cha sheria kinakuchosha, omba mkalimani wa kulipwa. Usimtumie mwanao, wala mama wa jumuiya.

Pesa. Houston ada ya dola 300 hadi 500 kwa saa ni ya kawaida, na wenye majina makubwa wanazidi hapo. Utaombwa amana ya dola elfu kadhaa kabla kazi haijaanza. Amana hiyo inakaa kwenye akaunti maalumu ya wateja na inabaki pesa yako mpaka kazi ifanyike, inayosalia unarudishiwa. Akikwambia hairudishwi hata kesi ikiisha wiki ijayo, muulize sababu na uipate kwa maandishi. Wengi wanahesabu muda kwa vipande vya dakika 6. Kwa ada ya dola 400, barua pepe yako ya mistari miwili inayosomwa kwa dakika 3 ni dola 40. Basi usiandike kila ukikumbuka jambo. Kusanya maswali ya wiki nzima, yaandike kwa namba, tuma mara moja. La kupiga simu kujua tarehe tu, muulize msaidizi, ada yake ni ndogo.

Wakili anayetaka asilimia ya utakachopata mkimbie. Malipo ya namna hiyo ni ya kesi za ajali, hayafai kwenye ndoa ya mtu.

Usikate tamaa kwa sababu akaunti yako ni nyembamba. Hakimu anaweza kuamuru mapema kwamba mali ya pamoja, hata ile anayoishika mumeo, ilipie wakili wako wakati kesi inaendelea. Wakili wako aliombe hilo pamoja na amri za muda: nani abaki nyumbani, nani alipe mkopo, watoto walale wapi, mtu asiuze lori wala kufunga akaunti. Unaweza pia kumwajiri kwa sehemu tu ya kazi, kwa mfano apitie makubaliano kabla hujasaini. Kipato kikiwa kidogo kweli, Lone Star Legal Aid na Houston Volunteer Lawyers wanasaidia wanaokidhi vigezo bila malipo, na TexasLawHelp.org ina fomu na maelezo. Kwa hali yako yenye kampuni, fomu za kujijazia nisingekushauri.

Kabla ya kwenda, fanya kazi hii nyumbani, sehemu ya ada yako inaokolewa hapa. Marejesho ya kodi mliyojaza pamoja una haki ya kuyaomba IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, mwenyewe, bila kumwomba mumeo. Rekodi ya nyumba iko wazi kwenye tovuti ya ofisi ya kaunti ya kutathmini mali, na usajili wa kampuni unaonekana kwenye tovuti ya mdhibiti wa hesabu wa jimbo. Chukua ripoti yako ya mikopo uone kama kuna deni lililoandikwa jina lako. Cheti cha ndoa cha Arusha, vyeti vya watoto, taarifa za akaunti zote unazozifikia kihalali, weka nakala kwa mtu unayemwamini. Usifungue simu yake kwa hila, wala usihamishe akiba yote usiku mmoja. Hakimu ataliona na litakuumiza. Badilisha nywila ya barua pepe yako, kwani wakili atakuandikia humo.

Pasi za watoto ziwe mikononi mwako au kwa wakili. Ukihofia watasafirishwa bila ridhaa yako, Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina mpango wa kumtaarifu mzazi pasi mpya ya mtoto inapoombwa. Na kama makaratasi yako ya uhamiaji bado yanategemea yake, wakili wa familia na wa uhamiaji waongee kabla kesi haijafunguliwa. Kama kuna kipigo au vitisho, yote niliyoandika yanasubiri: piga 1-800-799-7233, simu ya taifa ya msaada kwa ukatili wa nyumbani, ukiwa kwenye simu asiyoifikia, na umwombe wakili amri ya ulinzi siku hiyohiyo.

Sheria inataka siku 60 zipite tangu kesi ifunguliwe kabla ya hukumu, isipokuwa penye ukatili wa aina fulani. Katikati hapo mara nyingi mtapelekwa kwenye usuluhishi. Elewa hili kabla hujaingia chumba hicho: makubaliano ya usuluhishi yakisainiwa na kubeba maneno yanayotakiwa na sheria, hayarudi nyuma. Kulia kesho yake hakusaidii. Muulize wakili wako mambo mawili kabla ya kalamu. Mkopo wa nyumba utatoka lini kwenye jina la asiyebaki nayo? Benki haifungwi na hukumu yenu ya talaka. Na nani ataandika amri tofauti ya kugawa akaunti ya kustaafu, maana hukumu peke yake haimlazimishi msimamizi wa mfuko kukupa hata senti?

Na usipokisaini kile alichokuletea, tarajia kupelekewa wito rasmi, pengine kazini kwako. Upokee kwa utulivu na uandike tarehe. Unatakiwa kuwasilisha majibu mahakamani kabla ya saa nne asubuhi ya Jumatatu inayofuata baada ya siku 20 kupita. Ukiikosa Jumatatu hiyo, anaweza kupewa hukumu bila wewe. Kwa hiyo mkutano na wakili upange wiki hii, na ukifika, mpe kwanza ile picha ya karatasi.